Hati ya uwakilishi kwa mambo ya fedha: ya jumla, mahususi, ya kudumu au ya kusubiri? Tuchambue

Mwanadaftari:

Wakuu, salaam.

Kila inapozuka mada ya kupanga fedha za uzeeni, kuna mtu atauliza: "Nataka kumwandikia mwanangu hati ya uwakilishi asimamie fedha zangu, nianzie wapi?" Jibu la kwanza huwa "nenda kwa wakili", la pili "nenda kwa wakili", mada imeisha. Kwa wakili utakwenda, hilo halina mjadala. Lakini ukienda hujui unachokitaka, utapewa fomu iliyokwisha kuchapwa, utajaza majina, utasaini, na karatasi hiyo inaweza kufa siku ileile utakapoihitaji.

Tuanzie chini. Hati ya uwakilishi ni maandishi yanayompa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa jina lako. Mali inabaki yako, mkopo aliochukua kwa mamlaka hayo ni wako, na saini yake inakufunga kana kwamba umesaini mwenyewe. Hiyo ya mwisho isomeni mara mbili.

Wengi wakikaa kuchagua huanza na upana: nimpe ya jumla au mahususi? Mahususi ni kwa shughuli inayotajwa: kuuza nyumba fulani, kufuatilia mafao, kufunga akaunti moja, kusaini mkataba ukiwa safarini. Shughuli ikiisha, nayo imeisha. Ya jumla inagusa karibu kila kitu cha fedha: akaunti, hisa, kodi, pango, madeni, bima. Ni uamuzi wa maana, ila kwa anayepanga miaka ijayo si wa kwanza. Wa kwanza ni wa wakati. Inaanza lini, na inakoma lini?

Hapo ndipo fomu za kuchapwa zinapowaponza watu. Katika mfumo wa sheria uliotokana na Uingereza, uwakala wa kawaida hukoma mwenye mali anapopoteza uwezo wa akili wa kufanya maamuzi. Mantiki yake inaeleweka: mwakilishi anaazima uwezo wako, na wewe ukiwa huna tena, hakuna cha kuazima. Kwenye vitabu ni sawa kabisa. Kwenye maisha ina maana kwamba mtu aliyeandikiwa hati ili alipe bili za mgonjwa anazuiwa kuzilipa kwa sababu mgonjwa ameugua. Familia inabakiwa na njia ya mahakama: maombi ya kuteua msimamizi wa mali, ushahidi wa daktari, gharama, hesabu za kuwasilisha kila kipindi, na huenda akateuliwa mtu ambaye mgonjwa mwenyewe asingemchagua.

Jimbo la Virginia kule Marekani lilianza kuziba pengo hili kwa sheria mwaka 1954, mengine yakafuata. Ndiyo ikaja hati ya kudumu. Tofauti yake na ya kawaida inaweza kuwa sentensi moja tu, ya namna hii: "Mamlaka haya hayatakoma kwa sababu ya mimi kupoteza uwezo wa kufanya maamuzi." Kisha sheria ya mfano ya mwaka 2006 (iliyoandikwa ili kila jimbo liipokee likitaka) ikageuza kibao: kwenye majimbo yaliyoipokea, hati ni ya kudumu mpaka yenyewe iseme vinginevyo. England na Wales wao wana Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005, iliyoanza kazi kwa hati hizi tarehe 1 Oktoba 2007. Huko hati ya kudumu ya mali na fedha ina fomu yake, lazima mtu wa tatu athibitishe kwamba mtoaji anaelewa anachofanya na hashurutishwi, na haitumiki hata siku moja kabla haijasajiliwa na ofisi ya serikali inayosimamia mambo hayo. Hati ya jumla ya kawaida, chini ya sheria yao ya 1971, bado ipo, na inakufa vilevile akili ikitoka.

Kwa hiyo karatasi yenye maneno yaleyale inaweza kuwa hai upande mmoja wa mpaka na mfu upande wa pili. Swali la kwanza kwa wakili wako liwe hilo: hapa kwetu, nisipoandika chochote kuhusu kupoteza uwezo, sheria inachukulia nini?

Halafu kuna ya kusubiri. Hii unaisaini leo lakini inalala, inaamka tukio likitokea, mara nyingi ni daktari kuthibitisha kwamba huwezi tena kuamua mambo yako. Watu wanaipenda sana. Mimi siipendi, na nasema wazi ili mnishambulie vizuri: kwa mtu mwenye mtu wa kumwamini, iandikwe hati ya kudumu inayoanza leo, vidhibiti viandikwe ndani yake, na hati halisi asikabidhiwe mwakilishi mpaka haja itokee. Kama huna mtu wa kumwamini, hati ya kusubiri haitakuokoa.

Karibuni.

Kipepeo wa Jioni:

Mkuu umetiririka vizuri ila mwishoni nimekupinga. Mimi bado natembea, nahesabu, najua akiba yangu iko wapi. Kwa nini nimpe mtu mamlaka ya kuingia kwenye akaunti leo, aje aniibie? Ya kusubiri inanilinda mpaka siku ambayo kweli siwezi. Wewe unaona ubaya gani?

Mwanadaftari:

Hoja nzuri, na ndiyo inayowavuta wengi. Ngoja nikuonyeshe inavyokuwa dirishani.

Hati yako inasema: "Mamlaka haya yataanza pale madaktari wawili watakapothibitisha kwa maandishi kwamba siwezi tena kusimamia mambo yangu." Umepata kiharusi. Mwanao anakwenda hospitali kuomba barua. Daktari anamuuliza: wewe ni nani kisheria hata nikupe taarifa za mgonjwa? Anaonyesha hati. Daktari anaisoma, anakuta haijaanza kufanya kazi. Ili ianze inahitajika barua, na ili barua itoke inahitajika mtu mwenye mamlaka. Wanazunguka hapo. Tuseme daktari mmoja ana moyo mwema, anaandika: "Mgonjwa ana matatizo ya kumbukumbu na anahitaji msaada." Benki wanaisoma wanasema haya si maneno ya kwenye hati, hati imesema "hawezi tena kusimamia mambo yake", na sahihi ni moja wakati zinatakiwa mbili. Wiki zinakwenda. Mkopo wa nyumba haujalipwa, bima inakaribia kukatika.

Na magonjwa ya kusahau hayana siku maalumu ya kuanza. Jumatatu mtu yuko sawa, Alhamisi analipa bili moja mara mbili, wiki inayofuata yuko sawa tena. Daktari gani atatia sahihi kwamba *leo* ndiyo siku?

Ukishikilia ya kusubiri, basi angalau fanya haya: taja ni nani anayethibitisha, andika maneno atakayoyatumia, na saini karatasi nyingine tofauti, inayoanza leo, inayomruhusu daktari kutoa taarifa zako kwa mwakilishi. Hiyo ya mwisho wengi wanaisahau kabisa.

Msafiri wa Mbali:

Mwanadaftari, unaihukumu hati ya kusubiri kwa jinsi inavyoandikwa vibaya. Kuna nchi mfumo mzima umejengwa juu yake na unakwenda.

Ufaransa walitunga sheria mwaka 2007, ikaanza Januari 2009. Mtu akiwa timamu anaandika nani atamsimamia, hati inalala. Ikifika siku, anayethibitisha ni daktari aliyeko kwenye orodha ya mwendesha mashtaka, halafu inapelekwa mahakamani kugongwa muhuri wa kuanza. Japani nao tangu mwaka 2000 wana mkataba wa usimamizi wa hiari: unaandikwa mbele ya mthibitishaji wa umma, na hauanzi mpaka mahakama ya familia imteue mtu wa kumkagua huyo mwakilishi. Mwanao hapati senti bila jicho la pili.

Hapo hakuna kuzunguka, maana anayefungua mlango anajulikana tangu mwanzo. Tatizo unalolisema ni la nchi zilizowaachia watu binafsi wajitungie masharti.

Mwanadaftari:

Nakubali, na hilo la Japani limenikuna: kilicho muhimu pale ni mkaguzi kuliko kusubiri. Ila hiyo ni kazi ya dola. Pasipo na mfumo kama huo, wewe na wakili wako ndio mnaojitungia masharti kwenye karatasi mbili. Florida walichoka nayo: kwa ujumla hati mpya za kusubiri hazikubaliki tena tangu tarehe 1 Oktoba 2011. Ukiniambia niko Tokyo nitakufuata. Kwingine nabaki na langu.

Kipepeo wa Jioni:

Bado hujanijibu kuhusu wizi lakini.

Karani Mstaafu:

Niingie hapo, maana kazi yangu ilikuwa nyuma ya dirisha la benki mpaka nikastaafu.

Binti yangu Kipepeo, wizi tuliokuwa tukiuona haukuwa wa siku ya kwanza baada ya kusaini. Ulikuja baadaye, mwenye akaunti akiwa kitandani na hakuna anayesoma taarifa za benki. Yaani wakati uleule ambao hati ya kusubiri imekwisha kuamka. Kuchelewesha kuanza hakukulindi na mtu mbaya, kunamchelewesha tu.

Kinachosaidia ni masharti ndani ya hati. Mwakilishi aweke daftari la mapato na matumizi, na nakala ya hesabu impelekee mtu mwingine unayemtaja kwa jina kila baada ya miezi kadhaa: dada yako, mhasibu, yeyote asiyefaidika. Asichanganye fedha zako na zake, hata kwa "nitarudisha kesho". Asijiuzie mali yako. Na zawadi! Hapo ndipo hati nyingi ziko wazi. Kama hukuandika kwamba anaweza kutoa zawadi, kubadilisha jina la mnufaika wa bima au pensheni, au kuunda amana (mali anayokabidhiwa mtu aishike kwa faida ya mwingine), basi chukulia hana ruhusa. Ile sheria ya mfano ya Marekani inataka mambo hayo yatajwe waziwazi, neno "mamlaka yote" halitoshi. Ukitaka ada za shule za wajukuu ziendelee kulipwa wakati wewe hujitambui, andika, na weka kikomo.

Sasa upande wa dirishani. Hati ikifika, karani hasomi falsafa. Anatafuta je, benki imetajwa? Kufungua na kufunga akaunti? Kukopa? Kama imeandikwa "kusimamia mambo yangu ya fedha" tu, anaipeleka kwa mkuu wake, mkuu anaipeleka kwa idara ya sheria, na wewe unaambiwa urudi. Kisha anaangalia tarehe. Hati iliyolala miaka mingi inazua maswali hata kama bado ni halali. Benki nyingi pia zina fomu yao wenyewe ya uwakilishi. Jaza hiyo nayo mkiwa wote wazima, mwende pamoja, sahihi ya mwakilishi ichukuliwe mbele yako. Fomu ya benki inahusu akaunti za pale tu, na uulize kama inadumu ukipoteza uwezo au inakufa. Usidhani.

Jambo jingine: si kila taasisi inaheshimu hati yako. Marekani, mamlaka ya hifadhi ya jamii haitambui hati ya uwakilishi kwa kusimamia mafao ya mtu. Ina utaratibu wake wa kumteua mpokeaji. Kwa hiyo pensheni na mafao uliza hukohuko yanakotoka.

Mama Pacha:

Shikamoo Karani. Sisi nyumbani tumefanya rahisi, nimemwingiza mwanangu kwenye akaunti yangu tukawa wenye akaunti wawili. Hakuna wakili, hakuna muhuri. Kuna shida?

Karani Mstaafu:

Marahaba mama. Shida ipo, na ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwakilishi anashika fedha zako kwa niaba yako na anaweza kuulizwa. Mwenye akaunti mwenzako ni mwenye akaunti. Akidaiwa, wanaomdai wanaweza kuifuata akaunti hiyo. Akiachana na mwenzi wake, inaingia kwenye ugomvi wao. Na akaunti nyingi za pamoja mmoja akifa zinabaki kwa aliye hai, hata kama wosia wako uligawa fedha hizo kwa watoto wote. Nimeona ndugu wakigombana dirishani kwa hilo, kila mmoja ana haki kwa akili yake. Kama lengo ni akusaidie kulipa bili, mwandikie uwakilishi kwenye akaunti ibaki yako peke yako.

Kumpa namba ya siri ndiyo mbaya zaidi. Hana mamlaka yoyote, na wewe umevunja masharti ya benki, kwa hiyo fedha zikipotea hata kwa wizi wa mtu mwingine utakuwa na kazi kujitetea.

Mama Pacha:

Duh. Asante baba. Na nikiwaandikia mapacha wote wawili ili wasioneane wivu?

Mwanadaftari:

Inawezekana, ila chagua namna. Kuna "kwa pamoja", yaani kila jambo sahihi zote mbili. Inalinda, lakini mmoja akisafiri mambo yanasimama, na kule England mmoja akifa au akishindwa, hati nzima inaweza kuanguka kama hukuandika mbadala. Kuna "kwa pamoja au kila mmoja peke yake", ambapo yeyote anaweza kutenda. Hiyo haikwamishi mambo, ila mmoja anaweza kufanya jambo mwenzake asijue. Unaweza pia kuchanganya: bili za kawaida yeyote, kuuza nyumba au kukopa lazima wote.

Kama sababu ni wivu tu, mama, mimi ningemweka mmoja mwenye nidhamu ya hesabu, wa pili awe mbadala *na* ndiye apelekewe hesabu zile alizosema Karani. Wote wana kazi.

Wanaowaandikia wenzi wao pia waangalie: sehemu nyingi ndoa ikivunjwa mamlaka ya mwenzi yanakoma isipokuwa hati iseme vingine. England mwakilishi wa mali akifilisika kisheria naye anatoka. Bila jina la mbadala unarudi mahakamani kulekule tulikokuwa tunakukwepa.

Jirani Mdadisi:

Mimi nauza eneo, mnunuzi anataka nimwandikie hati ya uwakilishi "isiyofutika" badala ya kuhamisha umiliki sasa hivi. Anasema ni sawa tu na kuuza. Ni sawa?

Msafiri wa Mbali:

Si sawa. India biashara hiyo ilikuwa imeshamiri, mpaka Mahakama ya Juu mwaka 2011 ikasema wazi kwamba hati ya uwakilishi haihamishi umiliki wa ardhi wala nyumba. Anachopata mnunuzi ni mamlaka ya kutenda kwa jina lako. Wewe unabaki mmiliki kwenye daftari, na kodi inaweza kukufuata wewe.

Hati isiyofutika ipo kisheria, ila ina mahali pake: pale inapotolewa kama dhamana ya haki ambayo mwakilishi mwenyewe anayo, mfano mkopeshaji aliyewekewa mali rehani. Kwa mipango ya familia usiiguse. Hati ya mzazi kwa mtoto lazima uweze kuifuta siku ukiamka umebadili mawazo.

Mtoto wa Kwanza:

Wakuu, naomba msaada wa haraka. Baba ameshaambiwa na daktari ana ugonjwa wa kusahau, bado hatua za mwanzo. Ndugu wanasema tumechelewa, hawezi kusaini chochote. Ni kweli?

Mwanadaftari:

Pole sana. Jina la ugonjwa peke yake halimwondolei mtu uwezo. Sheria ya Uingereza, kwa mfano, inaanza kwa kuchukulia kila mtu mzima ana uwezo mpaka ithibitike vinginevyo, na kipimo ni cha uamuzi ule, wakati ule: anaelewa maelezo, anayashika kwa muda wa kutosha kuamua, anayapima, na anaweza kueleza uamuzi wake kwa njia yoyote. Nchi nyingine nyingi zina vipimo vinavyofanana na hivyo. Mtu anaweza kushindwa kusimamia hisa zake lakini akaelewa vizuri kabisa kwamba anampa binti yake mamlaka ya kulipa bili.

Kwa hiyo msikae. Mpelekeni saa ambazo akili yake huwa imetulia, kwa wengi ni asubuhi. Wakili aongee naye peke yake, ninyi mkae nje, hasa wewe unayeandikwa. Daktari aandike maoni yake siku hiyohiyo au karibu nayo. Wakili aweke kumbukumbu ya maswali aliyomuuliza na majibu kwa maneno ya mzee mwenyewe. Hayo yote ni kwa ajili ya ndugu atakayekuja kudai baadaye kwamba mzee alisainishwa. Na hati iwe ya kudumu, inayoanza sasa. Kwenu hakuna nafasi ya kusubiri.

Kama wakili akiona hawezi, msimshike mkono asaini. Hapo njia ni mahakama tu.

Mtoto wa Kwanza:

Nashukuru sana. Tunaye wakili, nampigia leo. Na baba akifariki, mimi naendelea na hati kumalizia madeni yake?

Karani Mstaafu:

Hapana. Hata iwe ya kudumu namna gani, inakoma anapokata roho. Kuanzia hapo ni wosia na msimamizi wa mirathi. Anayekwenda kutoa fedha kwa hati hiyo huku anajua mwenye akaunti amefariki anajitafutia kesi, hata kama fedha ni za mazishi.

Kipepeo wa Jioni:

Sawa, mmenisogeza kidogo. Nikiandika inayoanza leo, kisha nikaona mambo siyo, naifutaje?

Mwanadaftari:

Ukiwa na uwezo wako unaifuta wakati wowote, bila kutoa sababu. Andika tamko la kuifuta, lisaini kwa utaratibu uleule wa hati yenyewe, mpe mwakilishi kwa maandishi, na upeleke nakala kila taasisi iliyopokea hati. Kama ilikuwa imesajiliwa, nenda ukafute usajili. Hapo ndipo watu huteleza: wanagombana na mwakilishi, wanachana karatasi nyumbani, benki haina habari. Benki ambayo haijaambiwa ikimlipa kwa nia njema, hasara inaweza kuwa yako.

Karani Mstaafu:

Na ubaki na ushahidi wa kupokelewa. Nakala yako ya barua ya kufuta igongwe muhuri wa benki wenye tarehe kabla hujaondoka dirishani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza andika mahali kila taasisi uliyoipa hati, maana baada ya miaka mitano hutakumbuka.